"Siri" na "Halipo"

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Katika mwaka wa kwanza niliandika maana ya methali hii kama tulivyofundishwa: uvumi hauanzi bure. Siku hizi nikiisoma, macho yangu hubaki kwenye neno moja tu, "halipo". Ndilo jibu ambalo familia yetu imepewa kwa miaka mingi.

Kaka wa bibi yangu alikuwa dereva wa lori. Mwaka 1977 watu walifika kazini kwake kwa gari, wakamchukua, na hakurudi. Waganda wa umri wa bibi hawahitaji kuelezwa zaidi. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, bibi alianza kuzunguka maofisini akiuliza kama kuna jalada lenye jina la kaka yake. Ofisi moja ilimwambia mambo ya usalama ni siri. Nyingine ilimwambia jalada halipo. Mwaka jana nilimsindikiza mama kwenda kuuliza tena, na karani wa masjala alisema "halipo" bila hata kuinuka kitini. Bibi hadai fidia. Anataka tarehe tu, ili awe na siku ya kumwombea marehemu.

Nimesoma historia sambamba na Kiswahili kwa miaka miwili sasa, na nimeanza kuona kwamba majibu yale mawili si ndugu. Anayesema "siri" amekiri kwamba karatasi ipo. Unaweza kumuuliza: siri mpaka lini, kwa sheria gani, na nani mwenye uwezo wa kuifungua? Anayesema "halipo" hakuachii swali la kuuliza. Na kama anadanganya, utamjuaje?

Jirani zetu Wakenya wanatupa mfano. Mwaka 2009 wazee wa Kenya walioteswa katika kambi za kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau waliishtaki serikali ya Uingereza mjini London. Wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett waliwasaidia kwa ushahidi. Anderson alionyesha kwamba Kenya ilipokaribia uhuru mwaka 1963, majalada yapatayo 1,500 yalisafirishwa kupelekwa Uingereza. Yako wapi? Hayakuwa kwenye orodha yoyote ambayo mtafiti angeweza kuiona. Mwaka 2011 serikali ile ilikiri kwamba yamepatikana Hanslope Park, eneo la serikali lenye ulinzi kaskazini mwa London. Hayakuwa peke yake. Yalikuwapo majalada yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37 ya zamani, na Uganda ni mojawapo. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9 kumaliza madai ya Wakenya 5,228.

Lililonishtua zaidi ni maagizo yaliyokuwa nyuma ya jambo hilo. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba serikali mpya za Kiafrika zisikabidhiwe karatasi zozote zinazoweza kuiaibisha Uingereza. Nyingine zilisafirishwa, nyingine zikachomwa, na majivu yake yakatakiwa yasagwe. Jalada la siri likitolewa katikati ya mengine, pengo lake lijazwe kwa jalada la bandia, ili atakayerithi kabati asijue kwamba kuna kilichoondoka. Yaani waliandaa "halipo" mapema, kabla hajatokea mtu wa kuuliza.

Nyumbani hatukosi sheria. Ibara ya 41 ya Katiba yetu ya mwaka 1995 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005 inampa ofisa siku 21 za kujibu. Lakini mwombaji sharti aeleze anataka waraka gani. Bibi ataueleza vipi? Hajui ni ofisi gani iliuandika, wala una namba gani. Haki ya kuomba bila orodha ya vilivyopo ni kama kuambiwa uchague kitabu katika maktaba yenye giza.

Sidai kwamba kila jalada lifunguliwe kesho. Jalada la mtu aliyechukuliwa huenda lina jina la aliyemchongea, na watoto wa mchongezi ni majirani zetu, tunachota maji bomba moja. Serikali ina sababu ya kwenda taratibu hapo, na mwanahistoria mwenye busara ataielewa. Lakini orodha haimchongei mtu. Inatosha iseme namba ya jalada, ofisi iliyoliandika, mwaka wake, na tarehe ambayo litafunguliwa. Kama liliharibiwa, iseme nani aliamuru na lini.

Sisi wanafunzi huvutiwa na nyaraka zenyewe, kwa sababu ndizo zinazopamba tasnifu. Nadhani tungeanza kwa kudai hizo orodha, katika hifadhi ya taifa na hata katika masjala za wilaya ambako majalada yanaliwa na mchwa. Wale wazee wa Kenya walisaidika kwa sababu kulikuwa na watafiti waliojua kwamba kuna kitu kinakosekana, wakakitaja mbele ya hakimu.

Bibi ana miaka themanini na mmoja. Akiambiwa kwa maandishi, "Jalada hili lilichomwa mwaka fulani," atalia, lakini ataacha kuuliza. Akiambiwa, "Ni siri hadi mwaka fulani," mimi nitaandika mwaka huo kwenye daftari langu na kungoja kwa niaba yake. Hilo la "halipo" ndilo asiloweza kulizika.