Magofu ya Kunduchi: Mtoto akiuliza nani alijenga, ajibiwe nini?

Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860, msikiti wa Kunduchi ulikuwa umeshazeeka. Mabaki yake bado yapo Wilaya ya Kinondoni, upande wa bahari wa Barabara ya Bagamoyo. Familia ya mjini inaweza kufika, kutazama na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Paa halipo tena. Zimebaki kuta za matumbawe na makaburi chini ya miti, mengine yakiwa na nguzo. Msikiti hukadiriwa kuwa wa karne ya 15 au 16, na makaburi mengi ni ya baadaye, hasa karne ya 18. Mtoto akishaona hayo, swali lake la kwanza huwa moja: nani alijenga?

Jibu ambalo wazazi wengi walirithi kwa wazee wao ni fupi: Washirazi, yaani watu wa Uajemi. Hadithi hiyo ina mizizi mirefu. Masimulizi ya zamani ya Kilwa yanasema mwana wa mfalme kutoka Shiraz, Ali bin Hassan, alifika pwani wakati ndugu na jamaa zake wakisafiri kwa jahazi saba. Akakinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Ni hadithi tamu, na watoto huipenda.

Tatizo ni jinsi ilivyotumiwa. Wakati wa ukoloni, wasomi wengi waliichukua kuwa ushahidi kwamba kila jengo la mawe la pwani ni kazi ya wageni, na mwenyeji alikuwa mtazamaji tu. Mtoto akiambiwa hivyo leo, anaondoka Kunduchi akiamini kwamba bibi na babu zake hawakujenga kitu.

Mawe yenyewe yanaeleza zaidi. Misikiti ya Uajemi ya zama hizo ilijengwa kwa matofali, ikawa na kuba kubwa, minara na vigae vya rangi. Misikiti ya kale ya pwani yetu ni ya matumbawe na chokaa, na mingi haikuwa na mnara. Matumbawe laini yalikatwa baharini yakiwa bado mabichi, yakachongwa kabla hayajakauka na kuwa magumu. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe kwa kuni. Paa bapa lilibebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba: upana uliishia pale urefu wa boriti ulipoishia. Huo ni ufundi wa watu walioijua bahari yao na misitu yao.

Anayetaka kuona mtindo wa Kiajemi hasa avuke kwenda Kidichi, Unguja. Pale Seyyid Said alimjengea mke wake Mwajemi hamamu mwaka 1850, yenye kuba na mapambo ya maua ukutani. Akitoka Kunduchi kwenda huko, hata mtoto wa darasa la nne ataona tofauti.

Je, wazee walidanganya? Hapana. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani, ikiwamo Kilwa na Songo Mnara, kati ya mwaka 1250 na 1800. Kwa wengi wao, zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, na hasa kwa upande wa akina mama. Asili ya Asia ilitoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi, na mchanganyiko huo ulianza karibu mwaka 1000. Kwa hiyo mababu wa Uajemi walikuwapo kweli. Walioa hapa, na watoto wao wakalelewa na mama wa hapa, wakasema lugha ya hapa.

Lugha hiyo bado ina alama zao. Bandari, nanga na dirisha ni maneno yenye asili ya Kiajemi.

Upande wa dini nao ulichanganyika. Baadhi ya wanahistoria wanaona dalili za Ushia katika miji ya mwanzo ya pwani. Lakini msafiri Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliwakuta watu wakifuata madhehebu ya Shafii. Waithnaasheri wengi wanaoswali katikati ya Dar es Salaam leo ni wa historia nyingine: wazee wao walitoka India, hasa karne ya 19.

Mzazi anayempeleka mtoto Kunduchi amwonyeshe vishimo vya duara kwenye makaburi. Humo mlipachikwa bakuli na sahani zilizoletwa na biashara ya bahari, nyingine kutoka China. Nyingi zimebanduliwa au kuvunjwa. Magofu haya yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, lakini sheria haikai pale mchana kutwa kumzuia mtu anayeokota kipande cha kumbukumbu.

Basi mtoto aelezwe mapema: hapa ni makaburini, hatupandi juu, hatuokoti, hatuandiki majina ukutani. Na akiuliza nani alijenga, aambiwe ukweli mzima: walijenga watu wa pwani, ambao baadhi yao walikuwa na babu aliyekuja kwa jahazi na bibi aliyempokea.