Sikio Lisilo na Waya

Kuna bidhaa ambazo zikiondolewa mahali pake hupoteza hata jina. Hedifoni za ndege za miaka ya 1960 na 1970 ni miongoni mwazo. Hazikuwa na waya wala sumaku. Zilikuwa mirija miwili ya plastiki, mfano wa kile chombo akivaacho tabibu asikilize moyo. Spika zenyewe zilifichwa ndani ya mkono wa kiti, na sauti ikasafiri kwa hewa tu hadi sikioni. Abiria aliyeshuka nazo alishuka na mirija mitupu, maana nyumbani kwake hapakuwa na tundu la kuzichomeka. Ndiyo sababu leo ni adimu: nani angehifadhi kitu bubu?

Nilizikuta Mchikichini mwaka 2021, katika soko la mitumba liitwalo pia Karume. (Mchikichi wenyewe sijauona pale hata siku moja.) Muuzaji alikuwa amefungua belo la mabegi. Anunuaye belo hununua lililofungwa. Akilifungua ndipo ajue kama ni riziki au hasara, na vilivyomo huja bila ya nasaba. Koti halisemi lilivaliwa na nani, wala begi halisemi lilikwenda wapi. Hedifoni zilikuwamo katika mfuko wa begi mojawapo, naye akadhani ni mchezo wa watoto.

"Elfu mbili tu, shekhe, mjukuu akachezee udaktari."

Mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni. Nilijua wako wakusanyaji ughaibuni wanaovitafuta vyombo vya ndege za kale, na kwamba kwao elfu mbili si bei, ni mzaha. Lakini mimi niishiye kwa maneno niliona haya kununua kwa kunyamaza. Nikamsimulia yote: kiti, mirija, hewa. Akazitia masikioni, akatulia kitambo, kisha akasema, "Basi elfu themanini." Sikuwa nazo. Nilicheka, nikaenda zangu kupanda boti ya Unguja.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 16 Januari 2022, soko lile likaungua. Niliporudi, vibanda vilikuwa vikisimamishwa upya. Yule muuzaji hakubakiwa na hata soksi, ila hedifoni. Tangu siku ile niliyomsimulia, alikuwa akienda nazo nyumbani kila jioni. Sasa alitaka mtaji.

"Elfu ishirini, mzee wangu. Leo hii."

Huenda msomaji akasema biashara ni maelewano, na bei aliitaja mwenyewe. Ni kweli. Nilimpa themanini: arubaini siku ile, arubaini mwezi uliofuata.

Mrija mmoja una ufa karibu na ncha. Nimezifungia kikaratasi, kama wafanyavyo watu wa makumbusho, nikaandika zilikouzwa, zilivyonusurika, na bei zote tatu.