Joka Hili, Joka Huyu

Lugha yetu haikuagiza joka kutoka ng'ambo. Ilimchukua nyoka, ikambadilishia sauti ya mwanzo, akakua. Kisarufi huo ni ukubwa, nao una upatanisho wake: joka hili limekuja, majoka haya yamekuja. Hata hivyo, waliotafsiri Ufunuo wa Yohana walimpatanisha joka kama kiumbe hai, mwenye nia yake. Tofauti hiyo hunijia kila nisomapo hadithi za kubuni za vijana wetu, zilizojaa majoka ya kuruka na kutema moto. Karibu yote ni "hili", na kufikia ukurasa wa tatu limekwisha kuuawa.

Sina ugomvi na mabawa. Ninachouliza ni kazi: joka anafanya nini katika ulimwengu huo kabla shujaa hajafika?

Katika "Sultani Darai", mojawapo ya ngano za Unguja alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870, nyoka wa vichwa saba anamiliki nyumba iliyojaa mali. Paa anamkata kichwa kimoja baada ya kingine, kisha anamkabidhi nyumba bwana wake, maskini aliyekuwa akichakura jaani. Wasimulizi wavivu huishia hapo. Ngano yenyewe inaendelea: paa anaugua, bwana anamdharau, paa anakufa, na bwana anazinduka yuko jaani palepale. Nyoka alikwisha kufa zamani. Ukatili wake ulibaki na nyumba.

Kolelo ni wa aina nyingine kabisa. Huyu alikaa pangoni katika Milima ya Uluguru, mkoani humu humu Morogoro, na watu walimwendea kuomba mvua na mavuno. Mwaka 1905 habari zikaenea Uzaramo kwamba Kolelo amekataza watu kuwalipa Wajerumani kodi. Jaribu kuandika "Kolelo lilikataza" uone kalamu inavyogoma! Agosti ya mwaka huohuo vita vya Majimaji vilifika hapa Ifakara. Maji yaliyovipa vita hivyo jina yalihusishwa na Mto Rufiji, na Rufiji huanza pale Kilombero yetu inapokutana na Luwegu.

Kisha yuko Omieri wa Kenya, chatu halisi wa nyama na damu, ambaye Wajaluo wa karibu na Ziwa Victoria walimpokea kama mleta mvua na neema. Mwaka 1987 aliungua katika moto wa nyika, na watu wakahangaika kumwuguza. Joka anayeunguzwa na moto, badala ya kuutema: hilo peke yake lingetosha kuanzishia riwaya.

Mimi, ningekuwa bado na nguvu ya kuandika masimulizi marefu, joka wangu angelala chini ya Kilombero. Asingetunza dhahabu. Angetunza kipimo cha maji, kwa kuwa hapa Mlabani maji yakipungua mpunga unakauka, yakizidi yanaingia nyumbani. Wakulima wangemwogopa na kumhitaji kwa pamoja, kama mama mkwe. Siku shujaa kijana angekuja na upanga wake, kikongwe mmoja angemsimamisha njiani na kumwuliza: "Mjukuu wangu, ukishamwua, nani atayafungulia maji mwezi Machi?"