Mwizi wa Birmingham, deiwaka wa Mbagala

Hapa Uingereza, ukiwa na gari la bei kubwa, kampuni ya bima inaweza kukukatalia mpaka ufunge GPS ya daraja la Thatcham, S5 au S7. Fundi mwenye kibali anafunga, anakupa cheti, unakituma bima, basi. Ile ya S5 huja na kitambulisho cha kuweka mfukoni. Gari likiondoka bila kitambulisho hicho, kituo cha ulinzi kinapata taarifa. Adui anajulikana: ni mtu usiyemjua, aliyekuja usiku na mtambo wa kunasa mawimbi ya ufunguo wako.

Dar es Salaam sijakutana na tajiri aliyefunga GPS kwa ajili ya mwizi wa usiku peke yake. Anamfungia dereva. Au mdogo wake. Au shemeji aliyeachiwa Noah "aiwashe tu mara mojamoja". Anataka kujua kwa nini hesabu imepungua wakati bajaji imezunguka mpaka Mbagala, na ni deiwaka gani aliyepewa usukani mchana. Sisi tulio nje ndio wagonjwa zaidi: gari liko Tabata, macho yako kwenye simu, na kinukta kinatembea saa sita usiku.

Adui unayemhofia ndiye anayeamua waya upite wapi.

Vani za mizigo ninazoendesha hapa zina kifaa kinachochomekwa kwenye soketi ya kupimia injini, chini ya usukani. Soketi ina umeme wa betri muda wote, kwa hiyo hakuna waya unaokatwa. Kila dereva anakiona, na sheria inamtaka mwajiri atueleze kinakusanya nini. Soketi hiyo ipo pia kwenye magari mengi ya Japani yanayoshushwa bandarini Dar, lakini fundi gani atakushauri uitumie? Deiwaka atakichomoa kabla hajafika Buguruni.

Kwa hiyo kwa mafundi wa Gerezani dashibodi inafumuliwa. Waya mwekundu unakwenda kwenye moto wa kudumu, kupitia fyuzi (sisitiza fyuzi, wengine huiruka). Mweusi unafungwa kwenye bodi. Wa tatu unaungwa pale penye moto swichi ikifunguliwa tu, ili kifaa kijue gari limewashwa. Kisha kinafichwa, na hapo pana mtihani: mawimbi ya satelaiti yanatoka zaidi ya kilomita 20,000 juu, yanafika yakiwa hoi. Plastiki yanapenya, bati hayapenyi. Ukikificha sana, unakuwa umejificha mwenyewe.

Halafu fundi anauliza: "Nikuwekee na ya kuzima, kaka?" Hapa ndipo ninapobishana nao kila mara. Wengi huweka rilei kwenye waya wa pampu ya mafuta. Unatuma ujumbe, gari linazimika palepale. Fikiria palepale penyewe ni mteremko wa Kitonga. Injini ikizima, usukani unakuwa mzito na breki inabaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu. Mimi nataka rilei ikae kwenye waya wa stata: gari linaloendelea liendelee, likizimwa lisiwake tena. Mafundi wanaona hiyo haina raha. Na nywila? Vifaa vingi vya bei nafuu hutoka kiwandani na 123456, na wengi hawaibadilishi, kwa hiyo mwenye kujua namba ya laini ya kifaa anaweza kukuzimia gari.

Umeme nao hauzungumzwi sana huku, kwa sababu gari linatembea kila siku na betri inajazwa. Gari la mtu wa nje linalala. Kifaa kinachokula miliampia 20 kitanyonya takriban ampia-saa 14 kwa mwezi, na betri ya gari dogo huwa na kama 45, tena mara nyingi imeshachoka. Ikishindwa kuwasha mara moja, shemeji anachomoa terminali ili aitunze. Betri ndogo ya ndani inakiendesha kifaa saa chache, kinanitumia ujumbe kwamba umeme umekatwa, kisha kimya. Nimeibiwa, au nina shemeji makini? Siku hizi naagiza kifaa kinachojua kulala gari likisimama na kuamka likitikiswa.

Laini ndiyo inayonichekesha. Huku inakuja ndani ya kifaa na unalipia kwa mwezi. Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole, na kidole changu kiko Birmingham. Ikasajiliwa kwa kidole cha shemeji. Kwa hiyo anayefuatiliwa ndiye mwenye laini, na bando likiisha namwomba yeye aongeze, nami namrudishia hela na ya soda juu.