Ulysses na Kombe Jekundu

Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi kabla macho yake hayajadhoofika. Siku hizi hukaa barazani akisikiliza santuri zake za zamani. Mojawapo ni Disraeli Gears ya mwaka 1967, ya vijana watatu wa Uingereza waliojiita Cream. Muziki wa roki haumpendezi sana, ila wimbo mmoja, "Tales of Brave Ulysses", kwa kuwa una habari za bahari. Likizo iliyopita aliniambia, "Mwanangu, karo nalipa mimi. Haya, nieleze, huyu Ulysses ni nani?"

Naliona haya kusema sijui vizuri. Nikajibu kwa kujigamba kwamba ni nahodha wa Wayunani aliyeimbiwa na nguva, akajifungisha mlingotini asije akawafuata, na mabaharia wake akawaziba masikio kwa nta. Baba akacheka. "Nguva nimewaona, hawaimbi. Na hao waliozibwa masikio, upepo ukigeuka, wangesikiaje amri ya kugeuza tanga?" Wazee wote wakanitazama. Nikanyamaza.

Muhula ulipoanza nalikwenda maktaba, nikasoma Odisei ya Homer, kitabu cha 12. Loo! Jibu la baba limo humo. Walipokikaribia kisiwa, upepo ulikufa, bahari ikawa shwari, mabaharia wakakunja tanga wakashika makasia. Na amri ilikuwa imekwisha tolewa mapema: Ulysses akiomba kufunguliwa, wamkaze zaidi. Waimbaji wenyewe si nguva hata kidogo; ni wawili, wameketi majanini, na hapo pana lundo la mifupa ya watu.

Lakini wimbo unamtaja pia Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi, amepanda kombe jekundu. Kombe hilo nalilitafuta katika sura ile mpaka kengele ya chakula ikalia. Halimo. Mwalimu wetu wa sanaa ndiye aliyenifungulia kitabu cha picha, na tazama: Venus (ndivyo Warumi walivyomwita Aphrodite) amesimama juu ya kombe, upepo ukimsukuma pwani. Aliichora Botticelli wa Florence, yapata mwaka 1485. Tena maneno ya wimbo yalitungwa na Martin Sharp, mchoraji wa Australia, huyo huyo aliyepamba jalada la santuri. Basi nadhani mambo mengine aliyatoa katika hadithi, na mengine katika picha, kama ilivyo desturi ya mtu wa rangi. Walakini kombe la Botticelli ni jeupe-jeupe.

Nalimwandikia baba yote hayo, pamoja na kuungama kwamba siku ile nalibahatisha. Jibu aliliandika dada yangu. Baba anasema Homer huyo aliijua bahari. Kuhusu kombe, tusimlaumu mtunzi, kwani jua likizama hata tanga jeupe huwa jekundu. Na nikirudi nyumbani, niwaambie wale wazee kwamba nguva nalimsingizia.