Vitabu vya Jumatano

Kikuyu ninayoikumbuka ni ya Dodoma, kitongoji kilichopakana na Shule ya Sekondari ya Mazengo. Wazee waliendelea kuiita shule hiyo Alliance, jina lake la zamani, na leo majengo yale ni ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kilichofunguliwa mwaka 2007. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikiishi kwa mama mkubwa. Kulikuwa na nyumba za tembe zilizochanganyika na za bati, nyua za minyaa, na vumbi la mwezi wa Agosti lililopenya hadi ndani ya masanduku ya nguo. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, lakini gharama yake ilikuwa bado mezani kwetu. Sukari kwa foleni, sabuni kwa kujuana, mafuta ya taa kwa bahati. Daftari lilikuwa mali. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilikuwa hakijaanza kazi, na sisi watoto tuliandika mpaka kwenye jalada, nje na ndani.

Herufi nilifundishwa shuleni. Kusoma kitabu nilifundishwa na mzee mmoja tuliyemwita Babu Mwalimu, sebuleni kwake, Jumatano jioni.

Alikuwa mwalimu mstaafu, Mwanglikana, mmoja wa wale ndugu wa Uamsho ambao wakikutana njiani salamu yao ni ndefu kuliko safari. Alisoma Alliance wakati Festo Kivengere, mwalimu kutoka Kigezi nchini Uganda, alipokuwa akifundisha pale. Alipenda kutusimulia kwamba Uamsho wenyewe ulichipuka kutoka katika kusoma. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikaa pamoja na Biblia zao, wakifuatilia mafungu yanayomhusu Roho Mtakatifu, moja baada ya jingine. Hapakuwa na mkutano mkubwa wala vipaza sauti. Watu wawili, Mwafrika na Mzungu, katika zama ambazo wawili wa aina hiyo hawakuzoea kukaa sawa kwa sawa, walisoma na kutubu. Kutoka hapo moto ulifika Gahini nchini Rwanda, ukavuka mipaka, ukatufikia na sisi.

Rafu ya Babu ilikuwa mbao mbili juu ya matofali. Kila kitabu alikivika karatasi ya mfuko wa saruji na kuandika jina lake kwa wino ubavuni. Palikuwa na Biblia ya Union, ile ya mwaka 1952, ambamo Wagogo wengi wa rika lake walijifunza Kiswahili chao kizito. Palikuwa na Nyimbo Standard, vijitabu vya Central Tanganyika Press vilivyotoka palepale mjini, Safari ya Msafiri ya John Bunyan, na vitabu vichache vya Kiingereza vya tangu ujana wake. Na palikuwa na Shaaban Robert. Siku moja ndugu mmoja aliuliza, kwa heshima lakini bila kuficha, kitabu cha Mwislamu kinafanya nini kando ya Biblia. Babu alichukua Maisha Yangu, akatusomea ule Utenzi wa Hati ambao Shaaban alimtungia binti yake kumwusia namna ya kuishi, kisha akasema, "Mtu mwema akisema kweli, hamwibii Kristo kitu." Mjadala ukaishia hapo. Namshukuru Mungu kwamba nililelewa na Mkristo wa aina hiyo.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Kitabu kilisomwa kwa sauti, ukurasa mmoja au miwili, si zaidi. Watoto tulisoma kwanza, kwa sababu ya macho, nasi tukakaa karibu na chemli. Palipokuwa pagumu, mtu alifasiri kwa Kigogo kwa ajili ya akina bibi waliokaa mkekani. Tulipolalamika kwamba tunakwenda pole mno, Babu alitukumbusha yule towashi Mwethiopia wa Matendo ya Mitume, mtunza hazina wa malkia, aliyekuwa garini akimsoma Isaya. "Filipo alijuaje anachosoma? Alimsikia. Angesoma kimoyomoyo, gari lingempita Filipo, na towashi angefika kwao bila ubatizo." Kisha lilifuata swali lake, ambalo hakuna aliyelikwepa, mkubwa wala mdogo: "Haya. Leo kitabu kimekudai nini?"

Hakuuliza umejifunza nini. Hakuuliza umekipenda au hukukipenda. Alitaka kujua unadaiwa nini.

Bunyan tulimsoma kwa muda mrefu kuliko mwingine yeyote, pengine mwaka mzima. Babu alitueleza kwamba mwandishi alikuwa fundi wa kuziba sufuria, aliyefungwa gerezani Bedford kuanzia mwaka 1660 kwa sababu ya kuhubiri bila ruhusa, akakaa humo miaka 12, na kwamba kitabu hiki kilichotoka mwaka 1678 kilianza ndani ya kuta hizo. Jambo hilo liliwashika watu wazima. Kwao kifungo hakikuwa mfano. Walijua watu waliokamatwa katika msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983, wengine kwa haki na wengine kwa maneno ya jirani. Tulipofika mahali ambapo msafiri na mwenzake wamefungwa na jitu katika ngome ya mashaka, wanapigwa, wanaambiwa wajiue, kisha msafiri anakumbuka kwamba kifuani mwake ana ufunguo uitwao Ahadi unaofungua kila mlango wa ngome ile, sebule ilinyamaza. Mama mkubwa ndiye aliyesema: "Kwa hiyo alilala na ufunguo siku zote hizo?" Babu akamjibu kwa kichwa tu. Sijapata kusikia mahubiri juu ya kukata tamaa yaliyonifikia kama swali lile la mama mkubwa.

Na madai yalilipwa. Jioni moja, baada ya kusoma habari za Zakayo, mkulima mmoja wa zabibu aliinuka na kusema kwamba alisogeza ua wake wa minyaa ndani ya kiwanja cha mjane, miaka mingi nyuma, mume wa mjane alipokuwa kitandani. Kesho yake aliing'oa. Nilikwenda na watoto wenzangu kutazama. Utomvu wa minyaa ni hatari kwa macho, na mzee yule aliikata akiwa amejifunga kitambaa usoni, akitengeneza upya mpaka kule ulikokuwa zamani, huku mjane amesimama mlangoni bila kusema neno. Watu wa Uamsho wanajulikana kwa mambo hayo: kurudisha vilivyoibwa, kuungama mbele za watu. Wapo wanaowalaumu kwamba walizidisha. Mimi niliona kiwanja kikirudi kwa mwenyewe.

Lakini kitabu kilichonifundisha zaidi ya vyote sikukisoma kutoka kwenye rafu ile, maana kilikuwa cha Kiingereza.

Kivengere, yule mwalimu wa Alliance, alirudi kwao na baadaye akawa Askofu wa Kigezi. Mwezi Februari mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa na utawala wa Idi Amin, na Kivengere na mkewe wakalazimika kukimbia, wakivuka milima kwa miguu usiku kuingia Rwanda. Mwaka huohuo aliandika kitabu kidogo ambacho jina lake, ukilileta kwa Kiswahili, ni Nampenda Idi Amin. Humo anasimulia jinsi, katika ibada ya Ijumaa Kuu jijini London, alivyotambua kwamba hawezi kumtazama Kristo anayewasamehe wanaomsulubisha na papo hapo kuendelea kumchukia Amin. Nakala moja ilimfikia Babu, sijui kwa mkono wa nani. Jumatano moja aliileta mezani na kusema atatufasiria kidogokidogo. Akataja jina la kitabu.

Mkekani alikuwepo bibi jirani yetu. Sisi watoto tulimwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," tukiinama kidogo, maana alikuwa mkali wa adabu. Alijifunza kusoma ukubwani, katika kampeni ya kisomo cha watu wazima ambayo serikali iliitangaza kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kufikia mwisho wa mwaka 1975. Alifaulu mtihani, akapata daraja la tatu, na cheti chake kilining'inia ukutani juu kuliko picha yoyote ya familia. Mwanawe wa pekee wa kiume aliondoka na mgambo baada ya majeshi ya Amin kuingia Kagera mwezi Oktoba mwaka 1978. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, Kikuyu nzima ilishangilia. Yeye alikwisha kupelekewa habari za msiba wa mwanawe.

Aliposikia jina lile la kitabu, alijikusanya, akachukua kanga yake, akatoka. Hakugombana na mtu. Tulisikia malango ya ua yakifungwa. Babu hakuendelea kusoma jioni ile, wala hakutuuliza swali lake. Alifunga kitabu, tukaimba wimbo mmoja, tukatawanyika.

Jumatano zilizofuata hakuja. Mama mkubwa alimpelekea uji, akarudi bila habari. Ndugu wengine walishauri aitwe, aonywe kwa upendo kwamba kutosamehe ni dhambi. Babu aliwakataza. Nakumbuka sauti yake siku hiyo, ilikuwa kali kuliko kawaida: "Mimi na ninyi hatukuzika mtu." Halafu akaanza kufanya jambo ambalo nililiona kwa macho yangu kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa wino. Alianza kukitafsiri kitabu kile kwa mkono.

Daftari alizipata kwa shida. Nyingine zilikuwa nusu zimetumika, za wanafunzi waliomaliza shule. Aligeuza na kuanzia nyuma. Aliandika kwa herufi kubwa, zilizotengana, kama zile za vitabu vya kisomo, ili macho ya bibi yasichoke. Sentensi ndefu za Kiingereza alizikata mara mbili, mara tatu. Pembeni aliandika maelezo mafupi kwa Kigogo. Mchana alikaa chini ya mti na kitabu gotini, usiku hakutaka kuchoma mafuta. Daftari la kwanza lilipokwisha, alinituma nimpelekee bibi, nami niliagizwa maneno haya tu: "Babu amesema, shikamoo yake utaipokea wewe, na hiki ni cha kwako, usome ukitaka." Bibi alilipokea kwa mikono miwili. Hakunikaribisha ndani.

Daftari la pili lilikwenda, kisha la tatu. Nilipopita kwake jioni nilimwona kibarazani, kidole juu ya mstari, midomo ikitikisika. Alisoma kwa sauti ndogo, silabi kwa silabi, namna alivyofundishwa darasani na wazee wenzake. Nilisimama nyuma ya minyaa nikamsikiliza akifika kwenye ile Ijumaa Kuu. Aliisoma, akarudia, akarudia tena.

Alirudi Jumatano moja karibu na msimu wa mvua. Alikaa mahali pake mkekani. Ilipofika zamu ya maneno, Babu hakumwuliza, lakini yeye mwenyewe alisema, na ndugu mmoja akatufasiria tusioelewa vema Kigogo chake: "Nimesoma. Sijafika pale alipofika askofu. Njia yake nimeiona." Hakuna aliyempigia makofi. Babu alisema "Asante, mama," akafungua Biblia, tukaendelea. Kama alifika baadaye, aliyejua ni Mungu. Najua tu kwamba daftari zile alizitunza ndani ya sanduku, na kwamba alipotaka kuzisoma hakuhitaji kumwomba mtu.

Kivengere alifariki mwaka 1988. Babu na bibi wote wawili wamekwisha kulala. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, katika lugha ambazo bibi hakuzijua, na napita kwenye meza za vitabu nje ya makanisa ya Dodoma na Dar es Salaam. Vingi ninavyoviona mezani vinamwahidi msomaji mafanikio, na sina ugomvi na mtu anayetaka watoto wake wale vizuri. Lakini vingi mno havimdai msomaji chochote isipokuwa atamani zaidi. Mtu hakui kwa kutamani. Yule mkulima wa zabibu alikua siku aliyong'oa minyaa yake. Bibi alikua kibarazani, kidole kwenye mstari, akipambana na jina la adui wa mwanawe bila kujidanganya. Na Babu Mwalimu, ambaye angeweza kubaki na kitabu chake cha Kiingereza na kutusimulia mawili matatu, alikua akiwa chini ya mti akikata sentensi vipande viwili kwa ajili ya mama mmoja.

Wako wengi leo wanaosoma Kiingereza kwa wepesi, wenye simu zilizojaa vitabu vya imani, huku mama zao kijijini wana Biblia na kitabu cha nyimbo tu. Ndugu msomaji, kama kipo kitabu kilichokujenga, na mzazi wako hawezi kukisoma kwa lugha ambayo kiliandikwa, daftari siku hizi si shida kupatikana. Nunua moja. Andika kwa herufi kubwa, uanze na sura ile iliyokugusa, umpelekee.