Boya la Mwisho



Wapendwa wanaparokia, wapo miongoni mwenu waliotuuliza, tena zaidi ya mara moja, kulikoni paroko wenu katika vuli ya mwaka 2024 alikuwa akionekana siku za Jumamosi akivuka Daraja la Nyerere kwenda Kigamboni, kofia ya ukindu kichwani na darubini shingoni, kana kwamba ameajiriwa bandarini. Tulijibu kwa mzaha, tukaahidi kueleza, kisha tukaahirisha. Juma hili tunajiandaa kuketi tena katika kiti cha maungamo ili kuwasikiliza ninyi, nasi hatuoni vema kuendelea kuahirisha.

Habari yenyewe ni ya ngalawa. Vijana wa chuo kimoja cha jirani, ambao tunawahudumia kiroho, waliunda kikosi cha kushindana kwa matanga. Wazo walilipata kwa mhadhiri wao mmoja aliyesoma Marekani, ambako vyuo vimekuwa na mchezo huo kwa miaka mingi, na msimu mmojawapo huanza Septemba ukaisha Novemba. Kilichowavutia vijana wetu hazikuwa mashua za huko, bali desturi moja: chuo mwenyeji ndicho hutoa mashua, na vikosi hubadilishana mashua hizo kadiri mbio zinavyoendelea, asije mtu akashinda kwa ubora wa chombo tu. Vikosi vitano vya wanafunzi vikakubaliana kufanya vivyo hivyo. Ngalawa tano zikaazimwa kwa wavuvi wa Mjimwema, Jumamosi tatu zikapangwa, kila Jumamosi mbio mbili. Hesabu ya alama nayo ikachukuliwa huko huko: wa kwanza hupata alama 1, wa pili 2, wa tatu 3, na mwisho wa yote mwenye alama chache ndiye mshindi. Mama mmoja wa jumuiya aliposikia hayo alicheka akasema kwamba huo ndio mchezo pekee wa Kiinjili aliowahi kuusikia, maana mdogo ndiye mkubwa.

Kurasini yetu, kama mjuavyo, ina bahari lakini ni kama haina pwani. Maji tunayaona kati ya makontena, matangi ya mafuta na foleni ya malori. Watoto wa Shimo la Udongo huzisikia honi za meli usiku kucha, lakini ni wachache waliowahi kushika kasia. Kabla daraja halijafunguliwa, Aprili 2016, wengi wetu tulipotaka kufika Mjimwema tulikwenda kwanza Magogoni kungoja pantoni; sasa ni mwendo wa daladala tu. Nasi tuliozaliwa bara elimu yetu ya bahari ilikuwa ya vitabuni: sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, pale Paulo na wenzake, watu 276 kwa jumla, walipovunjikiwa na merikebu karibu na Malta. Si sura ya kumtia mtu hamu ya kupanda ngalawa.

Ngalawa aliyotuazima mzee mmoja, Mwislamu mcha Mungu ambaye vijana walimwita Nahodha, ilikuwa ya gogo la mwembe, imechongwa nyembamba kiasi kwamba mtu mnene hukaa upande. Kinachoizuia isipinduke ni yale matengo mawili, moja kila upande, yaliyofungwa kwenye miti inayokatiza juu ya chombo. Tengo likivunjika, ngalawa ni kama ndege aliyevunjika bawa. Mzee aliishi kwa ngalawa hiyo. Alikubali kuiazima kwa sababu sisi, paroko, tulikwenda kwake na kumpa neno letu: chochote kitakachoharibika kitatengenezwa kabla kaskazi haijaanza kuvuma. Alituangalia kwa muda, kisha akasema, “Haya, Padri. Neno lako linatosha.”

Likaharibika siku ya kwanza. Tarehe 19 Oktoba ilikuwa bamvua, mwezi mpevu ulikuwa umepita siku mbili tu, na mbio ya pili ilipoisha maji yalikuwa yametoka mbali mno. Vijana wetu, kwa furaha ya ushindi na kwa ujinga wa wageni, wakaingiza ngalawa ya mzee moja kwa moja pwani, na tengo la kushoto likapanda mwamba. Tuliusikia mlio wake tukiwa tumesimama mchangani. Mzee hakupiga kelele. Aliligusa tengo lililopasuka, akaomba kamba, akalipiga gango kwa kipande cha ubao, akasema litashika kwa maji tulivu, si kwa kaskazi. Fundi alipoulizwa akataja bei ambayo kwa wanafunzi ilikuwa mlima. Lakini zawadi ya mshindi wa msimu ilikuwa shilingi laki tano, na vijana walikuwa wanaongoza. Basi wakaamua, nasi tukaafiki, kwamba laki tano hizo ndizo zitakazomtengenezea mzee tengo lake. Tangu siku ile hatukuwa watazamaji tena.

Kuhusu tafrija za jioni hatuna mengi ya kusema. Kulikuwa na pilau, kulikuwa na muziki wa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na kulikuwa na mkoba mmoja uliotoa mlio wa chupa, ambao mwenyewe hakujulikana hadi leo. Wakristo na Waislamu walikula sinia moja. Baada ya Jumamosi ya pili, tarehe 9 Novemba, walicheza hadi tukawafukuza ili wawahi usafiri. Wale wanaodhani vijana wa vyuo hawajui kufurahi bila dhambi, tungependa wangekuwepo.

Sasa tufike kwenye sheria, kwa kuwa ndiyo kiini cha habari hii. Mchezo wa matanga una sheria za kimataifa, zinazotolewa upya kila baada ya miaka minne, na jambo linalowashangaza watu wa mpira ni kwamba kwa kawaida hakuna refa mwenye filimbi kando ya kila chombo. Aliyekosa hutegemewa ajihukumu mwenyewe, papo hapo, majini. Ukiligusa boya unalolizunguka, hata kama hakuna aliyekuona, wajibu wako ni kujitenga na wengine na kuzunguka duara moja kamili kabla ya kuendelea. Tulipoelezwa hayo kwa mara ya kwanza tuliyakumbuka masomo yetu ya teolojia ya maadili, pale mwalimu alipotukaririsha matendo matatu ya mwenye kutubu: majuto, maungamo na malipizi. Hapa yote matatu yanafanywa kwa usukani, mbele ya umati usiojua hata kilichotokea. Kwa mashua ndogo za kisasa duara hilo ni la muda mfupi. Kwa ngalawa si hivyo. Tanga lake ni moja kubwa la pembe tatu, na kila upepo unapobadilisha upande, foromali na tanga lote havina budi kuhamishwa kupita mlingoti, watu wakijiinamia na kuvutana na kamba. Duara moja la ngalawa ni mbio iliyopotea.

Jumamosi ya tatu ilikuwa tarehe 23 Novemba, mkesha wa Sherehe ya Kristo Mfalme. Maji yalikuwa mafu, matlai ikivuma kwa upole. Baada ya mbio tano kikosi chetu kilikuwa na alama 8, na waliotufuata walikuwa na 9. Wengine walibaki mbali. Kwa hiyo mbio ya sita ndiyo ilikuwa ya kuamua, na kwa zamu za kubadilishana vyombo, vijana wetu waliipata ngalawa ya mzee, yenye gango lake.

Usukani ulikuwa kwa binti wa mwaka wa pili, mzaliwa wa Ukerewe, aliyekua kati ya mitumbwi ya baba yake. Ni mtu wa maneno machache. Hadi boya la mwisho alikuwa akiongoza kwa urefu wa ngalawa tatu. Boya lenyewe lilikuwa dumu la njano lililotiwa nanga. Sisi tulikuwa tumeketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, darubini ya muumini wetu mmoja wa bandarini ikiwa machoni. Tukaliona tengo la kushoto, lile lile lenye gango, likiligusa dumu. Likaligusa kidogo tu; dumu liliinama likainuka. Mtazamaji wa kamati alikuwa ng’ambo, tanga limemkinga. Waliokuwa nyuma walikuwa wanapambana na kamba zao. Hakuna aliyeona, ila Mungu, binti yule na paroko wenu.

Tulisimama. Na hapa ndipo tunapoungama, wapendwa: katika moyo wetu hatukusema, “Mungu amsaidie aseme kweli.” Tulisema, “Nenda, mwanangu, nenda.” Tuliona laki tano, tukaona tengo jipya, tukaona neno letu kwa mzee likitimizwa. Tulikuwa na sababu njema, na tulizihesabu zote kwa haraka ya ajabu.

Binti akaenda kama mita hamsini. Kisha akalegeza tanga. Wenzake wawili walimgeukia, na hata kwa umbali ule tuliweza kuona mikono yao ikiuliza. Akainua mkono wake mmoja juu, akageuza chombo kuelekea bahari kuu, na wakaanza kuzunguka. Foromali ilikwama mlingotini. Ngalawa ya kwanza ikawapita, na ya pili, na ya tatu. Walifika wa nne. Nane na nne ni kumi na mbili. Wale wengine walikuwa na tisa na moja. Msimu ukaisha hivyo.

Mwaka 1988, wakati wa Olimpiki ya Seoul, mbio za matanga zilifanyika Pusan, na huko Mkanada mmoja, Lawrence Lemieux, akiwa nafasi ya pili, aliiacha njia yake katika upepo mkali akaenda kuwaokoa mabaharia wa Singapore waliopatwa na ajali. Alimaliza nyuma sana, lakini waamuzi walimrudishia nafasi ya pili ya mbio ile, naye akapewa medali ya Pierre de Coubertin. Tumewahi kuitumia habari yake katika mahubiri. Lakini tangu Novemba ile tumeitazama kwa jicho jingine. Sheria za matanga humfidia anayepoteza nafasi kwa kumwokoa mwenzake. Anayepoteza nafasi kwa kukiri kosa lake hafidiwi chochote. Yule wa Pusan alitazamwa na dunia. Yule wa Mjimwema alitazamwa na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa akimwombea asikiri.

Jioni tafrija ilikuwapo kama ilivyopangwa. Pilau ilipakuliwa. Wenzake walikula kwenye sinia lao, yeye akaketi peke yake karibu na ngalawa, akifua maji yaliyoingia, kazi ambayo ingeweza kungoja. Mzee Nahodha alikwenda akaketi naye. Tulisikia akimwambia, “Kawia ufike, mwanangu,” na hakusema neno juu ya tengo. Sisi tulikwenda baadaye, tulipokwisha kutafuta la kusema. Binti akasimama, akatusalimu, kisha akauliza, “Padri, uliona?”

Tukajibu, “Kulikuwa mbali sana.”

Neno hilo dogo tulilibeba tukavuka nalo daraja usiku ule, na kesho yake tukaadhimisha nalo Misa ya Kristo Mfalme, ambapo Injili ya mwaka ule ilikuwa Yesu mbele ya Pilato, wakiongea habari za kweli. Mnaweza kukumbuka kwamba mahubiri yalikuwa mafupi. Baadhi yenu mlishukuru.

Katika juma la kwanza la Majilio tulikwenda kuungama kwa padri mwenzetu, ambaye hakutupa sala za kusali. Malipizi aliyotupa ni kwenda kumwambia yule binti. Tulimkuta nje ya maktaba ya chuo, tukamwambia yote: darubini, dumu, na kile tulichokisema moyoni. Hakuonekana kushangaa.

“Nilijua, Padri,” alisema. “Ulikuwa umesimama.”

Tengo la mzee halikutengenezwa kabla ya kaskazi. Alivua Desemba nzima na Januari kwa gango lile lile, akikaa karibu na pwani ambako samaki ni wachache, na siku zenye upepo hakutoka kabisa. Neno letu kwake halikutosha, na tulikwenda kumwambia hivyo pia. Vijana walichanga kidogo kidogo, wale wenzake wawili wakiwa wa kwanza kutoa. Nasi tuliuza kitu chetu ambacho hakuna haja ya kukitaja. Fundi alilifunga tengo jipya Februari 2025, Jumamosi asubuhi, maji yakijaa. Tulipoitwa kushika kamba upande wa kushoto, binti alikuwa tayari amekwisha kushika upande wa kulia.